Usisubiri masikio: mwongozo kwa mzazi wa Mtwara na Lindi mwenye mtoto kiziwi

Binti yangu alikuwa na miaka 3 siku aliponishika khanga, akanivuta mpaka jikoni na kuanza kulia. Nikampa maji, akayasukuma. Nikampa uji, akaumwaga. Nikainua ndizi, kikombe, kijiko, ndala zake. Kila nilichoinua kikazidisha kilio. Tulikaa hivyo karibu nusu saa, mimi nabahatisha naye analia, mpaka bibi yake alipoingia kutoka uani na sahani ya ming'oko, vile viazi pori vyetu. Mtoto akanyamaza papo hapo. Bibi alikuwa ameichemsha tangu asubuhi na harufu aliisikia kama sisi sote. Alichokosa ni namna ya kuiomba.

Jioni ile bibi yake, ambaye hajawahi kuona darasa la lugha ya alama, alikaa naye mkekani, akamwonyesha mng'oko mmoja, akauweka chini, kisha akafanya kwa vidole vitupu kama anayemenya. Akamwonyesha tena, akamenya tena hewani. Siku ya tatu mtoto alikuja mwenyewe, akasubiri nimtazame usoni, akamenya hewa. Nilimpa ming'oko yote iliyokuwemo ndani.

Nayaandika haya kwa mzazi wa Newala, Tandahimba, Masasi, Ruangwa, Nachingwea, Kilwa au popote huku kwetu ambaye mtoto wake hasikii, au anasikia kwa shida. Wengi tunashughulika na masikio kwanza: hospitali, maombi, mganga, hospitali tena, huku mtoto akikua bila lugha. Mimi nilipoteza karibu miaka miwili hivyo. Zahanati moja waliniambia, "Atasema tu mama, wengine huchelewa," nami nikarudi nyumbani kusubiri. Lugha haina lazima ya kupita sikioni. Hupita machoni vilevile, na ubongo wa mtoto huipokea kwa wepesi zaidi katika miaka ya mwanzo kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake. Mtoto kiziwi anayeoneshwa lugha ya alama tangu mchanga hupiga hatua zile zile za mtoto anayesikia: hubwabwaja kwa vidole, hutoa alama moja moja, kisha huziunganisha. Anayeachwa mpaka miaka 7 ndipo aione alama ya kwanza hulipia pengo hilo kwa muda mrefu sana.

Na usijione umetengwa. Zaidi ya 90% ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Karibu sote tunaanzia sifuri.

Neno moja kuhusu majina kabla hatujaendelea. Viziwi wenyewe hujiita viziwi, na chama chao ni Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Neno hilo si tusi. "Bubu" ndilo linalowaumiza, na tena si kweli, maana wengi wao koo na sauti ni nzima kabisa. Anzia hapo: mkanye jirani anayemwita mtoto wako bubu, hata kama hamaanishi ubaya.

Hatua ya kwanza: mpime mwenyewe nyumbani, kisha usiishie hapo

Mtoto mchanga hushtuka mlango ukibamizwa. Wa miezi 6 hugeuza kichwa kutafuta sauti inakotoka. Wa mwaka 1 huitikia jina lake bila kukuona. Wa miaka 2 huunganisha maneno mawili. Ukiona haya hayapo, mkalishe mtoto mapajani kwa mtu mwingine, wewe simama nyuma yake hatua moja au mbili, gonga kijiko kwenye kikombe, kunja karatasi, ita jina lake kwa sauti ya kawaida. Usipige makofi karibu na kichwa, kwa sababu atahisi upepo. Usikanyage sakafu kwa kishindo, atahisi mtikisiko. Angalia pia kivuli chako kisimpite mbele. Wengi wameambiwa mtoto anasikia kumbe aliona kivuli ukutani.

Usidanganyike na sauti anazotoa miezi ya mwanzo. Mtoto kiziwi naye hulia, hucheka na kuguna. Na usidanganyike kwamba anageuka lori likipita. Wapo wanaosikia lori na ngoma lakini hawasikii maneno. Hao ndio huitwa wakaidi, wakapigwa bure.

Hatua ya pili: hospitali, na maswali ya kwenda nayo

Anzia hospitali ya wilaya yako, halafu omba rufaa: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, au Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Walio upande wa Masasi wana Ndanda, na wa barabara ya Lindi kwenda Masasi wana Nyangao. Unamtafuta daktari wa masikio, pua na koo. Muulize wazi: je, kipo kipimo kile cha mashine kinachosoma ubongo unavyoitikia sauti mtoto akiwa amelala? Hicho hakimtaki mtoto ajibu kitu, kwa hiyo hata mchanga hupimika. Kama hakipo, omba barua ya rufaa siku hiyo hiyo, usiondoke na "mlete akikua." Wataalamu wa usikivu wa watoto wanashauri mtoto apimwe kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Wengi wetu tumechelewa kuliko hapo, lakini kuchelewa kwa jana si sababu ya kuchelewa leo.

Utaulizwa chanzo. Kumbuka kama mama alipata homa ya vipele akiwa mjamzito, kama mtoto alizaliwa njiti, alipata manjano kali, homa ya uti wa mgongo, surua, au alichomwa sindano za antibayotiki ya gentamaisini kwa siku nyingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu 60% ya uziwi wa utotoni unatokana na sababu zinazozuilika, ndiyo maana chanjo ya surua na rubela, ambayo watoto wetu wanapata tangu 2014, si ya kukosa kwa mdogo wake atakayezaliwa. Kama sikio linatoa usaha, usilimiminie mafuta wala maji ya majani, na unyoya wa kuku usikaribie. Likaushe kwa kitambaa safi kilichosokotwa na uende kituoni.

Mtoto akipewa shimesikio, yaani kifaa cha kumsaidia kusikia, mvalishe, na akubali au akatae mvalishe tena kesho. Huku pwani unyevu na chumvi huviua vifaa hivi mapema, kwa hiyo usiku kiweke kwenye kopo kavu lenye kifuniko, betri imetolewa. Kile kipande kinachoingia sikioni hutengenezwa upya mtoto anavyokua, kikilegea kitapiga filimbi. Upo pia upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya sikio, ulioanza Muhimbili 2017. Huzaa matunda zaidi kwa mdogo sana, na baada yake kuna miaka ya mazoezi na safari za Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara. Ukiweza, vizuri.

Lakini lishike hili kwa mikono miwili: hakuna kati ya hivyo kinachokutaka uache alama. Utaambiwa akizoea mikono hatasema. Mwaka 1880 walimu wa viziwi wa nchi mbalimbali walikutana Milan, Italia, wakaamua hivyo hivyo, alama zikafukuzwa madarasani nchi nyingi kwa vizazi, na watoto wengi walitoka shuleni bila maneno ya mdomo na bila ya mkono. Mwaka 2010, pale Vancouver, Kanada, mkutano wa mfululizo ule ule ulieleza majuto kwa uamuzi huo. Mtoto mwenye lugha machoni ana mahali pa kuyashikiza maneno atakayoyasikia baadaye. Asiye na lugha hana.

Hatua ya tatu: anza leo jioni

Usingoje darasa. Bibi yake wa ming'oko hakungoja.

Jambo la kwanza ni mwanga. Nyumba nyingi zetu jioni zina taa moja ya sola au koroboi, nayo hukaa kona ya chakula. Ihamishe imulike uso na mikono ya anayeongea. Mchana usisimame mlangoni jua likiwa mgongoni kwako, mtoto ataona kivuli cheusi tu. Nasi tulizoea kuzima taa ndipo tusimulie hadithi. Kwa huyu, hadithi na giza haviendi pamoja.

La pili ni macho, na hapa ndipo nilipokosea kwa muda mrefu. Mtoto anayesikia anaweza kutazama sufuria huku akikusikia unasema "moto." Kiziwi macho yake ndiyo masikio yake. Akitazama sufuria, hakutazami wewe. Nilikuwa namwonyesha kitu kwa mkono mmoja na kumpa alama kwa mkono wa pili, halafu nashangaa hashiki. Utaratibu wake ni huu. Mguse begani au punga mkono pembeni mwa macho yake. Ngoja akutazame. Toa alama. Mwonyeshe kitu, na mwache akitazame mpaka ashibe. Ngoja macho yarudi kwako yenyewe. Rudia alama. Huko kungoja ndiyo kazi yenyewe. Ukimshika kidevu kumgeuza kwa nguvu, utamfundisha kukukwepa.

La tatu ni kuacha kumpa amri tupu. Chunguza siku moja tu unavyoongea na mtoto wako kiziwi. Utakuta njoo, kula, oga, lala, acha. Mtoto anayesikia hupata amri hizo pia, lakini kati yake anapata habari: nani kaja, nani kafa, kwa nini bei ya korosho imeshuka, shangazi kamkasirikia nani. Kiziwi watu humtoweka bila taarifa. Baba anaamka alfajiri kwenda kupuliza salfa kwenye mikorosho, analala shambani siku nne, mtoto anaamka haoni mtu, hakuna aliyemwambia kitu. Wa kwangu alikuwa anakaa kizingitini anatazama njia mpaka jua linazama. Tukachora ukutani kwa mkaa: mkorosho, mtu, na mistari minne, kila asubuhi tukifuta mmoja. Siku ya mstari wa mwisho alivaa viatu kabla hatujamwambia. Basi mwambie yaliyopita, yajayo na sababu zake, hata kama una alama ishirini tu na mchoro.

Uso nao usiukaze. Katika lugha za alama nyusi, mashavu na kichwa ni sehemu ya sarufi, si mapambo. Nyusi zikipanda, sentensi ile ile inaweza kuwa swali. Wamakonde, Wayao na Wamwera tunaojua kusimulia kwa mwili mzima tuna mtaji hapo. Aibu ndiyo inayotubana mbele za watu.

Hatua ya nne: mtafute mtu mzima kiziwi

Alama za nyumbani ni mlango, si nyumba. Ming'oko yetu ilieleweka kwa watu sita duniani. Tanzania ina lugha yake, Lugha ya Alama ya Tanzania, LAT, yenye msamiati na sarufi yake. Si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi, na si ile ya Kenya wala ya Marekani. Ina tofauti za hapa na pale kwa sababu ilikulia kwenye shule mbalimbali za viziwi, kila moja na alama zake, kwa hiyo ukikuta mtu wa Tabora na mtu wa Dar es Salaam wanatofautiana alama ya kitu kimoja, hakuna aliyekosea. Usijaribu kujifunza kwa karatasi peke yake. Picha haioneshi mkono unatoka wapi na unaishia wapi.

Mwalimu bora ni kiziwi mwenyewe. Ulizia tawi la CHAVITA la mkoa, ulizia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ulizia kanisani au msikitini kama kuna viziwi wanaokuja, na fumbua macho sokoni. Mimi wa kwangu nilimpata kwenye baraza la mafundi cherehani. Nilipeleka gauni la shule la mtoto wa dada yangu, nikaona fundi anaandika bei kwenye kiganja. Nikamwonyesha binti yangu, nikagusa sikio langu, nikatikisa kichwa. Yule fundi akaiacha cherehani, akachuchumaa mpaka macho yake yakalingana na ya mtoto, akaanza kuongea naye kwa mikono taratibu, kama anayejua kwamba haeleweki bado na hana haraka. Baadaye akaja rafiki yake, kiziwi pia, wakaingia kwenye mazungumzo yao, vidole vinakimbia, wanacheka, wanakatizana. Mtoto wangu alisimama katikati yao mdomo wazi. Hakuwahi kuona watu wazima wawili wakizungumza kitu anachoweza kukiona chote.

Tulikwenda kila Jumamosi. Nilimlipa, na wewe lipa: mtu anayekufundisha lugha ni mwalimu, hata kama hana cheti, na muda anaokupa ni muda wa cherehani yake. Ukikosa fedha toa korosho, toa muhogo, lakini usimfanye mtu wa bure kwa sababu ni kiziwi. Ni yeye aliyempa binti yangu jina la alama, kidole kinachochimba shavuni, kwa sababu ya kishimo anachopata akicheka. Jina la alama hujipi mwenyewe, hupewa na viziwi. Mimi nilipewa langu baada ya miezi mitano, kwa ninavyofunga khanga, nikajua nimekubalika.

Hatua ya tano: nyumba nzima ijifunze

Mama akijua peke yake, anageuka mkalimani wa nyumba, na mtoto anageuka mgeni kwao. Gawanya kazi. Kila Jumamosi tuliporudi na alama mpya kumi, watoto ndio waliozishika kwanza, na wao ndio waliowafundisha wakubwa. Kwetu sisi ambao mjomba ndiye mwenye kauli, mfuate mjomba mapema, kwa heshima, umweleze, umwombe ajifunze alama tatu tu: salamu, jina la mtoto, na "nini?" Siku mjomba aliposimama uani akamsalimu binti yangu kwa mkono mbele ya watu, wale waliokuwa wanaona aibu waliiacha siku hiyo hiyo.

Kula kwetu kwenye sinia moja ni baraka. Tukikaa duara kwenye mkeka, kila mtu anaona mikono ya kila mtu. Ushikeni mwiko mmoja hapo: watu wakicheka na mtoto akauliza "nini?", asijibiwe "hakuna kitu" wala "nitakuambia baadaye." Mwambieni hata kwa kifupi. Viziwi wakubwa niliokutana nao, kila mmoja kwa wakati wake, wamenisimulia kuhusu "baadaye" hiyo ya utotoni ambayo haikufika.

Hatua ya sita: jando, unyago na mwili wake

Hili naliweka peke yake kwa sababu ni letu. Mafunzo ya jando na unyago hupita kwenye nyimbo, mafumbo na mizaha ya usiku. Mtoto kiziwi anapelekwa, anachezwa, anatolewa na nguo mpya, na hajui aliambiwa nini. Wasichana wamerudi kutoka ndani wakaona hedhi ya kwanza wakadhani wanakufa.

Kama familia imeamua ashiriki, nenda kwa kungwi au kwa wazee wa jando wiki kadhaa kabla. Omba akae naye mtu mmoja anayejua alama, mwanamke kwa msichana, mwanamume kwa mvulana. Kwetu alikwenda dada wa yule fundi. Omba kila funzo lioneshwe kwa kitu chenyewe au kwa mchoro, mchana, penye mwanga. Nyumbani mweleze kabla: atakaa siku ngapi, nani atakuwepo, mwili wake utaguswa wapi na kwa nini, na lini utakuja kumchukua. Kwa mvulana, tohara ifanyike na mtaalamu wa afya, na awe na alama za "inauma," "damu" na "mwite mama" kabla hajaondoka. Kungwi wa binti yangu alikataa mwanzoni, akasema mambo ya ndani hayatolewi nje kwa vidole. Nilimwuliza kama yanaweza kubaki ndani yasimfikie hata mwali. Alikaa kimya siku mbili, kisha akaniita.

Na usingoje unyago kumpa alama za viungo vyake vyote vya mwili, bila kuruka. Mpe "hapana," mpe "nani," mpe "alinigusa." Watu wabaya humchagua mtoto wanayeamini hawezi kusimulia. Likitokea lolote, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na hospitali kabla hujamwogesha, dai mkalimani wa lugha ya alama, na usikubali ndugu wa mtuhumiwa afanye ukalimani huo. Namba ya bure ya kuripoti masuala ya watoto ni 116.

Hatua ya saba: shule

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto wako haki ya kusoma, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unataja wazi kujifunza lugha ya alama. Mtu wa kuonana naye ni afisa elimu anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri yako. Mfuate mapema, usisubiri Januari, ukiwa na cheti cha kuzaliwa na karatasi ya hospitali. Atakuonesha kitengo cha viziwi ndani ya shule ya kawaida, au shule maalumu, iliyo karibu. Shule za viziwi zenye historia ni pamoja na ya Tabora, ya kwanza nchini, iliyoanza 1963, Buguruni jijini Dar es Salaam, na Ruhuwiko pale Songea, ambayo kwa mtu wa Masasi inafikika kwa lami ya Tunduru.

Nenda ukaione kabla hujampeleka. Usikae ofisini. Simama mlango wa darasa uangalie kama mwalimu anafundisha kwa alama au anaongea akiwa ameugeukia ubao. Uliza wangapi kati ya walimu ni viziwi. Uliza kama matroni na mlinzi wa usiku wanajua alama, maana mtoto haumwi saa za masomo tu. Angalia kama bwenini na njia ya chooni kuna taa. Na ukiambiwa mtoto ataketi katika darasa la kawaida la watoto wengi bila mwalimu wala mwenzake anayejua alama, kisha ikaitwa elimu jumuishi, mimi naona huko ni kumkalisha tu. Bora usumbuke kutafuta kitengo, au uungane na wazazi wenzako kudai mwalimu wa alama.

Bweni ni gumu kwa mtoto wa miaka 6 au 7. Akiachwa bila maelezo anadhani ametupwa. Wa kwangu nilimpa daftari dogo lenye picha za nyumbani: bibi, mbuzi, mlango wetu, mimi. Kurasa za mwisho nilichora vijumba, kimoja kwa kila siku mpaka likizo, akivikata kwa penseli. Matroni aliniambia alikuwa analala nalo.

Kusoma Kiswahili

Hapa nipite haraka, ingawa jambo lenyewe ni refu. Kwa mtoto kiziwi Kiswahili ni lugha ya pili, anayokutana nayo kwenye maandishi. Viambishi vyetu, mtoto anakula na watoto wanakula, kiti kimevunjika na viti vimevunjika, hajawahi kuvisikia, kwa hiyo akiandika "mimi jana sokoni kwenda" hajapungukiwa na akili. Andika majina ya vitu kwa chaki juu ya vitu vyenyewe, mtungi, ndoo, mlango. Kila siku mwandikie sentensi moja fupi kuhusu jambo lililotokea kweli, isomeni kwa alama, kisha ageuze neno moja. Soma naye kitabu ukiwa mbele yake, si kumpakata, aone kitabu na mikono yako kwa pamoja.

Simu

Akiwa bweni, patana na shule siku na saa ya kupiga simu ya video. Wiki ya kwanza sisi tulipoteza kifurushi chote kwa sababu nilishika simu mkononi, nikabaki na mkono mmoja wa kuongelea, na uso wangu ukawa nusu. Sasa naiegemeza kwenye mtungi wa maji, juu ya kinu kilichogeuzwa, nakaa hatua mbili nyuma, taa mbele yangu, khanga ya rangi moja isiyo na maua ili mikono ionekane. Bibi yake hukaa kulia kwangu. Yeye ndiye huanza, na huanza kwa ming'oko.